Damu yatoka Pwani, maswali yaulizwa na nani?

Kijana wetu wa Pwani akipata nafasi ya kusomea udaktari, sisi hufanya mambo mawili: tunachanga, na tunamuombea dua. Picha yake huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Lamu hadi Vanga, imamu humtaja baada ya sala ya Ijumaa, na mwakilishi wa wadi hujitokeza na hundi ya basari kamera zikiwa tayari. Sina ubaya na hayo. Ada ya udaktari si ya kuchezea, na dua haina hasara. Lakini baada ya hapo twamsahau miaka sita mizima, mpaka arudi na koti jeupe, na tukimuona swali letu huwa ni moja tu: "Umeandikwa kazi wapi?"

Mimi nataka tumuulize swali jingine, tena angali chuoni. Anafanya utafiti gani?

Najua kuna watakaoona hayo ni mambo ya maprofesa na wazungu wa Kilifi. Mimi mwenyewe ni mtu wa diploma, tena ya uandishi wa habari, si daktari wala mtafiti. Ila kazi hii imenikalisha kwenye mabaraza mengi ya kijiji ambako watafiti huja kueleza wanachotaka kufanya, na kitu kimoja hunirudia kila mara. Wanaotoa damu ni sisi. Wanaojibu maswali ya mtafiti mlangoni ni mama zetu. Anayeandika maswali yenyewe mara nyingi ametoka mbali, na mwanafunzi wetu wa udaktari, ambaye kaka yake mdogo yumo katika orodha ya waliodungwa sindano, hana habari na lolote linaloendelea.

Tuanze na Kilifi, kwa sababu huwezi kuzungumza utafiti wa tiba katika nchi hii ukairuka Kilifi. Taasisi ya utafiti wa tiba ya serikali, KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Mwaka 1989 ikaingia ushirika na shirika la hisani la Wellcome la Uingereza, na kituo kikajengwa ubavuni mwa hospitali ya wilaya ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Kuanzia mwaka 2000 kituo hicho kinafuatilia wakazi wa eneo la takriban kilomita 900 za mraba, watu zaidi ya robo milioni, nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Ni sehemu chache sana Afrika ambazo maisha ya watu yameandikwa kwa undani namna hiyo kwa muda mrefu hivyo.

Na faida imepatikana, tusiwe wachoyo wa kusema. Kati ya mwaka 1993 na 1995 ulifanywa hapo utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1996 yalionyesha vifo vya watoto wadogo vimepungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wamepungua kwa asilimia 44. Leo chandarua cha dawa ukikipewa kliniki ya wajawazito wakiona kama kitu cha kawaida. Kabla ya hapo kilikuwa ni hoja ya kubishaniwa, na ushahidi wake mmoja mkubwa ulitoka vijijini kwetu.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unahusu jambo ambalo vitabu vyote vilikuwa vimekubaliana. Mtoto akifikishwa hospitali akiwa hoi, mikono na miguu baridi, mapigo ya moyo mbio, madaktari duniani kote walifundishwa kumuongezea maji ya dripu mengi na kwa haraka. Ilionekana ni akili ya kawaida. Daktari Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, akataka lijaribiwe Afrika, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto wenye homa kali wa hapa hapa. Zaidi ya watoto 3,000 waliingizwa. Mwaka 2011 matokeo yakatoka: ndani ya saa 48, katika kila kundi la waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi ya 10 kwa kila 100, na ambao hawakupewa walifariki 7. Yaani tiba iliyodhaniwa inaokoa ilikuwa inaongeza vifo. Fikiria ni miaka mingapi ilitumika bila mtu kuuliza.

Basi utafiti kwa maana yangu ni huo. Ni mtu aliyesimama wodini, akaona jambo linafanywa kila siku, akasema: je, hili ni kweli kwa watu hawa? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anapoanza kuingia wodini na kipimo cha masikio shingoni, ndipo macho yake yako mapya. Akishafika mwaka wa sita amezoea. Akishaajiriwa, foleni ya wagonjwa hamsini haimpi nafasi ya kuuliza chochote. Ndiyo maana nasema asingoje.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wetu analo na mgeni hana. Watu wa rika langu tumekua tukitishwa na mumiani, yule mnyonya damu anayezunguka usiku na gari lake. Utafiti ulipoingia Kilifi ulikuta hadithi hiyo iko tayari inaungoja. Damu ya mtoto inachukuliwa chupa ndogo, inapelekwa maabara ambayo mama haioni ndani, halafu anaambiwa matokeo baadaye. Kwa nini asiseme inauzwa? Uvumi wa kuuza damu na wa ibada za shetani ulizungumzwa waziwazi, na kituo chenyewe kimeandika sana kuhusu hilo. Kilichogundulika ni kwamba wazazi wengi hawakutenganisha utafiti na matibabu. Mtu aliweka sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa akijua anakubali mtoto atibiwe. Baadaye wakaundwa wawakilishi wa wanakijiji, waliochaguliwa na wenyeji, wawe daraja.

Daraja zuri zaidi, kwa maoni yangu, ni daktari mtafiti anayeota kwa lugha ya yule mama. Chukua neno dege. Mama wa mjini Mombasa au wa Mtwapa akisema mtoto amepatwa na dege, au mama wa Kigiriama akasema nyuni, anazungumzia kule kukakamaa na kutetemeka ambako daktari atakuita degedege la homa au malaria ya ubongo. Mtafiti Mkenya, Halima Mwenesi, aliwauliza kina mama wa Kilifi, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1995. Ilionekana kwamba homa ya kawaida mama huinunulia dawa dukani, lakini mtoto akikakamaa hilo si malaria tena katika hesabu yake, ni jambo la mganga. Dawa nzuri yote duniani haimfai mtoto huyo kama haijulikani kwamba njia ya kwenda hospitali inakatikia kwenye neno moja. Baada ya hapo watafiti wa Kilifi wakafikiria mwenye duka, wakawafundisha wauza maduka kipimo sahihi cha dawa ya malaria. Hayo yalianza na mtu kusikiliza mama anasemaje.

Sasa nije kwenye pesa, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya sasa hivi na si mwaka mwingine.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Kabla wiki chache hazijaisha, kazi zilizotegemea fedha hizo zilikuwa zimefungwa milango. Afrika Kusini kulikuwa na utafiti wa chanjo ya HIV uliokuwa mbioni kuanza kudunga watu, ukasimama. Hapa kwetu tulishughulika zaidi na habari za dawa za ARV na wafanyakazi walioachishwa kazi, na ilikuwa haki yetu. Lakini somo la utafiti lilipita kimya. Anayelipia swali ndiye anayeweza kulifunga.

Sheria yetu ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya mwaka 2013 inasema Hazina ya Taifa itoe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa ajili ya utafiti. Ni sheria nzuri. Kiwango hicho hakijafikiwa hata mara moja. Kwa hivyo maabara zetu kubwa zinaendeshwa kwa hisani za nje, na vipaumbele vinafuata hisani. Simlaumu mfadhili, mwenye kuku ndiye mwenye mayai. Ila kuna maswali yanayohitaji mamilioni ya dola, na kuna maswali yanayohitaji daftari, kibali na nauli ya matatu. Haya ya pili ndiyo ya mwanafunzi, na Pwani imejaa.

Nitatoa mawili tu.

Mwaka 2004 watu wa Lamu walishikwa na homa iliyowaacha wakitembea wameinama, viungo vyote vinauma. Ikaja kujulikana ni chikungunya, ugonjwa ambao jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika, tangu ulipoonekana kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Wachunguzi walipima damu ya watu 288 Lamu, wakakuta robo tatu wameshaambukizwa, na kwa makadirio yao watu kama 13,500 katika mji wa watu 18,000. Kutoka Pwani ya Kenya ugonjwa ukaonekana Komoro mwaka 2005, ukaingia Réunion ukashika zaidi ya theluthi moja ya wakazi, ukaenda hadi India. Mwishoni mwa mwaka 2017 ukarudi Mombasa.

Sasa sikiliza sababu iliyopendekezwa. Mtu angedhani ni mvua. La, ulikuwa ukame. Mvua zilipokosekana watu waliweka maji ndani kwa muda mrefu, katika mapipa na mitungi ambayo haikumwagwa na kusuguliwa mara kwa mara, na mbu wa aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na hupenda maji safi ya nyumbani, akapata pa kuzalia. Na wazee wa Lamu walikuwa na desturi ya kuweka visamaki ndani ya birika, vile vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Ni nyumba ngapi leo bado zina visamaki hivyo? Birika zilizoachwa na watu wakahamia matangi ya plastiki ni ngapi, na matangi hayo yamefunikwa? Mwanafunzi wa udaktari wa Lamu, kwa kushirikiana na wa afya ya umma, aweza kuhesabu viluwiluwi kwa kurunzi na upawa mtaa kwa mtaa, Mkomani, Langoni, Shela. Halihitaji maabara ya London. Linahitaji mtu ambaye akibisha hodi atakaribishwa mpaka uani.

La pili ni kisukari na Ramadhani, na hapa nina la kusema zaidi kwa sababu ni msiba ulio mezani kwetu.

Kila nyumba ya Kiswahili ina mtu wa sukari. Ramadhani inapoingia, daktari humwambia mzee: "Wewe usifunge," kisha anaita mgonjwa mwingine. Mzee anatikisa kichwa, anarudi nyumbani, na anafunga. Dini imempa mgonjwa ruhusa, masheikh wanasema hivyo kila mwaka, lakini mzee amefunga tangu utotoni na hatakubali kukaa ndani anakula watu wengine wamefunga. Kwa hivyo anajipangia mwenyewe. Kidonge cha asubuhi anakihamishia daku, au anakiacha kabisa. Anayejidunga insulini anapunguza kwa kukisia. Jua likizama, futari: tende, uji, kaimati za shira, viazi vitamu vya nazi, mihogo, tambi, maji ya ukwaju yaliyotiwa sukari. Mchana sukari ilikuwa chini anatokwa jasho, usiku iko juu macho hayaoni. Hakuna anayeandika.

Duniani limeandikwa. Utafiti ujulikanao kama EPIDIAR, ulioangalia Ramadhani ya mwaka 2001 katika nchi 13, ulichukua zaidi ya wagonjwa 12,000. Ulikuta kwamba katika wenye kisukari aina ya pili, asilimia 79 walifunga angalau siku 15. Kwa aina ya kwanza, ambayo ni hatari zaidi, asilimia 43 walifunga. Kutokana na kazi za namna hiyo ukatolewa mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani mwaka 2016, ukasahihishwa mwaka 2021, unaomwelekeza daktari jinsi ya kumpima mgonjwa hatari yake na kupanga dawa wiki kadhaa kabla ya mfungo. Katika zile nchi 13 kulikuwa na Misri, Morocco, Uturuki, Pakistan, Indonesia. Afrika Mashariki haikuwemo. Mlo wa Indonesia si mlo wa Majengo, na bei ya vipande vya kupimia sukari Cairo si ya Likoni.

Mwanafunzi mmoja, katika kliniki ya kisukari ya Makadara, au ya Malindi, au ya Msambweni, anaweza kuwauliza wagonjwa mia mbili maswali kumi: Ulifunga siku ngapi? Kuna aliyekushauri? Dawa ulizipangaje? Ulianguka? Ulifungulia nini? Majibu hayo tu yangempa mkuu wa kliniki sababu ya kuanza darasa la Shaaban kwa wagonjwa wake. Na masheikh wangepata cha kushika mkononi wanapopanda mimbari.

Wanafunzi wenyewe wanasemaje? Nilimuuliza binti wa jamaa zangu, yuko mwaka wa nne katika chuo ambacho sitakitaja. Alicheka kwanza. "Ami, sisi hata kulala hatulali," akaniambia. Kisha akanieleza kisa chake. Mwaka wa pili mhadhiri mmoja alitaka wanafunzi wa kumsaidia katika utafiti. Yeye na wenzake wawili waliingiza kwenye kompyuta mafaili mamia kadhaa, likizo nzima. Makala ilipochapishwa aliiona kwenye simu. Jina lake halikuwemo, hata kwenye shukrani. "Tangu hapo nilisema nisome nipite mitihani niende zangu."

Nilimhurumia, lakini nikaenda kusoma kanuni. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inasema mtu huitwa mwandishi wa makala akiwa amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au kukusanya au kuchambua takwimu. Tena awe ameshiriki kuandika au kuirekebisha makala. Aikubali nakala ya mwisho. Na awe tayari kuijibia kazi hiyo. Kuingiza data peke yake hakutoshi. Kwa hivyo mhadhiri huenda hakuvunja kanuni kwa kutomweka kwenye orodha ya waandishi. Alichokosea ni kutomwambia tangu mwanzo, kumnyima fursa ya kushiriki kuandika, na kutomshukuru hata kwa mstari mmoja. Mwanafunzi anapoitwa kwenye utafiti, swali la kwanza liwe: kazi yangu itakuwa ipi, nitafundishwa nini, na jina langu litakuwa wapi? Aulize kwa adabu, na ajibiwe kwa maandishi. Baruapepe fupi yatosha. Wengine wataona ni ujuba. Mimi naona ni sawa na fundi kuuliza ujira kabla ya kupanda jukwaa.

Wapo pia wanaokimbilia utafiti kwa ajili ya cheti tu, kwa sababu nafasi za kusoma ng'ambo zinadai makala. Hao ndio chakula cha majarida ya walaghai, yale yanayokuandikia "Mheshimiwa Daktari" ukiwa bado mwaka wa pili, yanataka dola mia kadhaa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano. Hakuna anayesoma makala hiyo kabla haijatoka, na hakuna wa maana anayeisoma ikishatoka.

Lawama nyingine ni ya wazazi, na hii ni yetu. "Soma kwanza, hayo mengine baadaye." Nimeisikia sana. Paul Langerhans alikuwa mwanafunzi wa tiba Berlin, hajafika miaka 22, alipoandika katika tasnifu yake ya mwaka 1869 kwamba ndani ya kongosho kuna vikundi vya seli vilivyokaa kama visiwa. Hakujua kazi yake ni nini. Baadaye ikajulikana ndipo insulini inapotoka, na hadi leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Ugonjwa wa sukari wa mzee wako unaanzia kwenye visiwa vile alivyoviona mwanafunzi.

Na kwa kuwa sisi tunapenda kuwataja Ibn Sina na wenzake kwenye hotuba, tumtaje na Ibn al-Nafis. Alisoma Damascus, akafanya kazi Cairo, akafariki mwaka 1288. Alikifanyia sharhi kitabu cha Ibn Sina, na humo humo akampinga: damu haipenyi ukuta wa katikati ya moyo, inapita kwenye mapafu kwanza. Ulaya ilikuja kuliandika hilo karne tatu baadaye. Alimheshimu mwalimu wake na bado hakukubali jambo ambalo hakuliona ni kweli. Kazi yake hiyo ilisahaulika mpaka mwaka 1924, ilipofufuliwa na kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari Freiburg, Ujerumani, akaukuta mswada huo katika maktaba ya Berlin. Sisi tunaojivunia jina hilo leo tumelipata kwa sababu mwanafunzi alikwenda maktaba.

Kuhusu hoja ya pesa na uchovu, siwezi kuipuuza. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kimoja kilikuwa madaktari wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Kijana anayeona wakubwa zake wanapigania mshahara wa kwanza barabarani ana haki ya kuuliza utafiti utamlisha nini. Jibu la kweli ni kwamba hautamlisha mara moja. Ila njia ya kazi imepanuka. Faith Osier, daktari Mkenya, alifanya utafiti wa kinga ya malaria Kilifi na akaja kuwa rais wa muungano wa kimataifa wa vyama vya wataalamu wa kinga ya mwili kuanzia mwaka 2019, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho.

Mlango wa kuingilia si mgumu kama unavyoonekana, lakini una ngazi zake na hazirukwi. Mwanafunzi atafute msimamizi kabla hajatafuta mada kubwa, mtu anayejibu simu, hata kama si maarufu. Aanze na kazi ndogo iliyo ndani ya uwezo wake, kwa mfano kupitia mafaili ya mwaka mmoja ya ugonjwa mmoja. Hata mafaili yana wenyewe: yanahitaji ruhusa ya hospitali, idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na leseni ya NACOSTI. Hapa Pwani kamati za maadili zipo, mojawapo ni ya Chuo Kikuu cha Pwani. Asije mtu akasoma haya akashika kurunzi na kwenda kuhesabu viluwiluwi kwenye birika za majirani kisha akaandika makala. Siri ya mgonjwa ni amana, na tangu mwaka 2019 ina sheria ya ulinzi wa data nyuma yake.

Anayesoma mbali, Eldoret au Nairobi, asidhani Pwani imemponyoka. Chuo Kikuu cha Moi kina utaratibu wa miaka mingi wa kuwapeleka wanafunzi wake wa tiba vijijini kujifunza kwa jamii, na ujuzi huo anaweza kurudi nao likizo. Chama cha wanafunzi wa udaktari nchini nacho kina mipango ya kubadilishana watafiti na nchi nyingine.

Kwa upande wa kaunti zetu sita, ombi langu ni dogo. Idara za afya zitoe kila mwaka orodha ya maswali kumi ambayo zenyewe zingependa yajibiwe, ziibandike hospitalini na kuituma vyuoni, na sehemu ndogo ya fedha za basari iende kwa mwanafunzi atakayechukua swali mojawapo: nauli, karatasi, ada ya kamati. Matokeo asomewe mkuu wa hospitali, kisha yasomwe barazani kwa Kiswahili, kwa wale wale waliojibu maswali.

Na wakati haungoji. Kamati ya maadili ikirudisha pendekezo mara mbili kwa marekebisho, jambo la kawaida, miezi imekwenda. Mwanafunzi anayetaka kuwauliza wagonjwa wa sukari Ramadhani ijayo inampasa awe ameshaketi na msimamizi wake ifikapo Mfungo Sita, wakati sisi wengine tuko kwenye maulidi.